Mtu wa Ukingoni

Muthama hakuwahi kuiona bahari maishani mwake, lakini watu wa kwao walimwita Bahari, na mwanzoni walimwita hivyo kwa kumcheka.

Jina lilianza mwaka wa tisini na saba. Muthama alikuwa mkulima kama wenzake wa Makueni ya chini, mahali ambapo mto Thwake karibu mwaka mzima ni mchanga tu, mweupe, kutoka ukingo huu hadi ule. Alikuwa na ng'ombe wawili watatu, mbuzi, mke aitwaye Kalunde, binti mmoja, Nthenya, aliyeolewa Kibwezi, na redio. Redio wengine walikuwa nazo pia, lakini wao walisikiliza nyimbo na matangazo ya vifo, na hali ya hewa ikianza wakazima ili betri zisiishe. Muthama alifanya kinyume. Nyimbo alizima, hali ya hewa akaifungulia sauti mpaka mwisho. Mwezi wa tisa mwaka ule akasikia kwamba bahari kuu ya mbali, ile ya kwenda Amerika, imepata joto lisilo la kawaida, kwamba hii yetu ya Mombasa nayo imefuata, na kwamba kwa sababu hiyo mvua za mwisho wa mwaka zitapita kiasi.

Akamwambia jirani yake Ndululu, mtu wa maneno mengi na mashamba machache. Ndululu alicheka mpaka akakohoa. Akauliza bahari ya Amerika na mahindi ya Makueni vimefahamiana lini, nani aliyevijulisha. Dalili ya mvua ni mawingu, akasema, si redio. Tangu siku ile kila akimkuta Muthama njiani alimuuliza bahari imeamkaje leo, imekunywa chai au bado.

Muthama aliinua ghala lake juu ya nguzo, akachimba mitaro kuzunguka nyumba, akahamisha choo kutoka bondeni. Kalunde alimbebea mawe bila kuuliza sana. Wanawake wa kanisani walimhurumia, wakasema amepata mzee wa kuchimba mitaro ya maji kwenye vumbi, naye akawajibu kwamba afadhali huyo anayechimba kuliko wao walioolewa na wa kulala. Kalunde alikuwa na ulimi, ila ulimi huo hakuwahi kuugeuzia mumewe mbele za watu.

Kisha mvua za Elinino zikaja, na hakuna wa Ukambani anayehitaji kusimuliwa Elinino. Barabara ya Mombasa ilikatika. Kanisa lilipoteza ukuta mmoja. Choo cha Ndululu kiliondoka na mto kikiwa kimesimama wima, na mahindi yake yakaota humo humo ghalani. Ghala la Muthama lilibaki kavu juu ya nguzo zake, na siku moja Ndululu alifika pale amevua kofia, anaomba chochote cha kupika. Kalunde alimpimia mahindi na maharagwe, akamwambia akale kwa hisani ya bahari, na wote watatu wakacheka mpaka machozi. Jina lilibaki lile lile, lakini kejeli ilikuwa imetoka ndani yake.

Baada ya hapo watu walimjia. Wazee wa kanisa walimuuliza wapande lini, wajane walimuuliza waweke mbegu gani, hata mchungaji alimuuliza kama mwezi fulani unafaa kwa mkutano wa nje. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Muthama hakuwa mtu wa majivuno, na pengine hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu mwenye majivuno watu humpunguzia imani kidogo, lakini huyu mpole walimwamini mzima mzima.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Kalunde. Yeye alizaliwa juu, milima ya Mbooni, kwenye ukungu na miparachichi, akaolewa huku chini kwenye joto na miiba. Kila mwaka baada ya mavuno mama yake, Kasyoka, aliteremka kumwona. Kasyoka alikuwa wa zamani, na aliishika nthoni, ile heshima ya Wakamba kati ya mama mkwe na mkwe, kama alivyoishika Biblia. Kwa miaka yote ya ndoa ile yeye na Muthama hawakuwahi kutazamana usoni. Wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani. Akija nyumbani alikaa uani amegeuza mgongo, Muthama akakaa mlangoni amegeuza wake, na Kalunde katikati. "Kalunde, mwambie Baba Nthenya nimefurahi mbuzi wamezaa," mama alikuwa akisema, na Muthama, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alijibu, "Kalunde, mwambie mwaitu, mama yetu, asante, na milimani hawajambo?" Kalunde hakurudia hata neno moja. Alikaa pale akisuka kiondo chake, maneno yakipita juu ya kichwa chake kwenda na kurudi, na alipochoka aliwaambia kwamba siku atakayokosekana hao wawili watakuwa mabubu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa tena, redio ilisema bahari imegeuka. Ile iliyokuwa na joto imepoa. Mvua za mwisho wa mwaka, hasa pande za mashariki, zitachelewa, zitakuwa haba, zitakatika mapema, na wakulima wapande mbegu zinazokomaa haraka. Halafu msomaji akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekunja karatasi zake, kwamba hata katika msimu kama huo huenda ikatokea mvua kubwa ya siku moja, hapa na pale, na wanaoishi karibu na mito wawe waangalifu. Muthama alilisikia hilo. Alilisikia vizuri kabisa. Lakini habari yenyewe ilikuwa ile ya mwanzo, na hili la mwisho lilimpita kama amina inavyompita mtu aliyekwisha kufumbua macho.

Jumapili mchungaji alimwachia nafasi baada ya matangazo. Muthama alisimama mbele ya kanisa na kofia mkononi, akawaambia waache mahindi mwaka huu, wapande mtama, kunde na pojo, na mbuzi wasio na kazi wawauze wakiwa bado wana nyama. Alisema mvua haitakuwapo ya kutajika. Hilo la mwisho la redio hakulitaja. Hakulificha, halikumjia tu. Wale wa nyuma waliitikia, wale wa mbele wakatikisa vichwa, na Ndululu akasema kwa sauti kwamba bahari ikishasema, nani tena wa kubisha.

Mpaka hapo hapakuwa na kosa la kumuua mtu. Kosa lilikuwa mtoni.

Watu wa huko hawachimbi kisima cha mawe. Kila kiangazi kila nyumba, au nyumba mbili pamoja, huchimba shimo kwenye mchanga wa mto, na maji yakishuka shimo huyafuata, mpaka ikifika mwezi wa kumi aliye chini kabisa haonekani hata kichwa. Kuta za mchanga huzuiwa kwa matawi, na katikati ya kina huachwa ngazi moja pana ya kusimamia mtu. Wa chini anachota, anajaza kibuyu, anamwinulia wa ngazini, na wa ngazini anampa wa juu anayejaza mitungi. Hao ni watatu. Lakini umeme ukishaonekana upande wa milima, hata mara moja, hata kwa mbali, anaongezwa wa nne. Huyo hashiki kitu. Anakaa juu ukingoni akitazama mto unakotoka, kwa sababu Thwake hauji na mawingu yake. Mvua inanyesha Mbooni jana, maji yanafika huku leo, na juu ya kichwa chako jua linawaka kama kawaida. Mitungi ya mtu wa ukingoni hujazwa na wenzake, na hujazwa kwanza, hata kama ni mtu mliyekosana naye. Hakuna aliyejua desturi hiyo ilianza lini. Ilianza, bila shaka, siku mtu alipokufa.

Elinino ilikuwa imeshusha mchanga mwingi mpya, kwa hiyo mwaka ule visima vilikwenda chini kuliko kawaida, na mikono ilikuwa michache. Kisima cha Muthama kilikuwa cha nyumba mbili, yake na ya Ndululu, na mke wa Ndululu alikuwa amekwenda Zombe kumuuguza dada yake. Walibaki watatu. Wakitaka wa nne wangengoja mpaka wa kisima cha jirani amalize, na hapo jua lingekuwa limeshapanda na mbuzi wanalia. Muthama ndiye aliyesema, tangu mwanzo wa mwezi wa kumi, kwamba mwaka huu mtu wa ukingoni ni mikono miwili inayokaa bure. Alieleza vizuri. Bahari imepoa, mvua haitoki kusikokuwa na joto, mto hauna cha kuleta. Visima vingine vilisikia hayo vikaiga. Kufikia katikati ya msimu mto mzima ulikuwa hauna macho.

Jioni moja walikuwa wanakula muthokoi nje ya nyumba. Umeme ukawaka mbali upande wa kaskazini, bila sauti, mara moja na mara ya pili. Kalunde aliacha kutafuna.

"Kwetu kunanyesha," akasema, na uso wake ulichangamka kama mtoto aliyetajiwa kwao.

Muthama alimwambia ule ni umeme mkavu tu, wa kuwadanganya watu. Kalunde akasema hata ukiwa mkavu, mama yake ameuona na amefurahi. Walimaliza chakula wakizungumza juu ya Kasyoka na mahindi yake, kwa sababu mama yule alikuwa amekataa ushauri wa redio na kupanda mahindi kama kawaida, akisema Mungu wa Mbooni hasikilizi redio.

Asubuhi walikwenda mtoni, jua kali, anga haina doa. Ndululu alikuwa amefika tayari. Kalunde alifunga leso kiunoni, akashika kibuyu, kisha akasimama pembeni ya shimo badala ya kushuka. Yeye ndiye aliyekuwa wa chini siku zote, kwa sababu alikuwa na mwili mdogo na hakubomoa mchanga.

"Leo nani anakaa ukingoni?" akauliza. "Jana umeme uliwaka."

Ndululu akamtazama Muthama. Yule yule aliyesema dalili ya mvua ni mawingu sasa alikuwa anangoja kuambiwa. Kama angesema neno moja la ubishi wake wa zamani, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Elinino ilikuwa imemfundisha adabu, na aliipata wakati mbaya.

"Hakuna wa kukaa," Muthama akasema. "Mwaka huu mto hauji, Mama Nthenya."

Kalunde alimwangalia kidogo. Hakuwa na wasiwasi usoni, na hilo ndilo Muthama alilolikumbuka baadaye akitamani kulisahau. Alikuwa kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa.

"Basi ukisema hauji, hauji," akasema, akashuka.

Muthama akashuka nyuma yake mpaka ngazini, Ndululu akabaki juu. Walifanya kazi vizuri. Maji yalikuwa yakitoka polepole, safi, na kati ya kibuyu na kibuyu palikuwa na nafasi ya kuzungumza. Kulikuwa na ahadi ya zamani kati yao kwamba siku moja, mavuno yakiwa mazuri, watapanda gari Kibwezi waende Mombasa, Bahari akaonane na bahari. Kalunde alipenda kuirudia ahadi hiyo ili kumtania. Kutoka kule chini akauliza kama mchanga wa baharini nao watu huchimba maji.

Muthama alimwambia hawachimbi, kwani maji ya bahari ni chumvi tupu, hakuna anayeyanywa.

"Maji yote hayo," Kalunde akasema kutoka gizani, "na hakuna wa kunywa. Na wewe ndiyo unayoyasikiliza." Akacheka, akainua kibuyu kilichojaa.

Ndululu ndiye aliyesikia kwanza. Baadaye alisema alidhani ni lori, kisha akakumbuka hapo hapana barabara. Alipiga kelele. Muthama aliinua uso akaona Ndululu ameelekea upande wa juu wa mto, mdomo wazi, na akahisi mchanga unatetemeka chini ya nyayo zake. Mikono ya Kalunde ilikuwa imeinuliwa na kibuyu ndani yake. Muthama alikipokea. Mkono uliozoea kupokea hupokea. Akageuka, akakiweka juu ya ukingo wa shimo, taratibu, kisilale, kwa sababu huko mtu hamwagi maji. Tangu utotoni ukimwaga maji unachapwa, na unakua mkono wako ukijua hivyo kuliko unavyojua sala. Ilikuwa nafasi ya pumzi moja. Alipogeuka tena, ukuta wa mchanga ulikuwa umeshuka na kumshika Kalunde mpaka kifuani. Alikuwa anamtazama mumewe. Muthama alilala kifudifudi pale ngazini akamnyooshea mkono, akavipata vidole vyake, vimelowa, akavuta, na vikateleza. Alivipata tena. Halafu Ndululu akamshika yeye shati na mshipi, akamvuta kutoka shimoni kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo, na maji yakafika, mekundu, yamebeba matawi na povu, yakapita pale kisima kilipokuwa kana kwamba hakukuwahi kuwa na kisima.

Wote wawili walitupwa ukingoni. Kwenye visima vingine watu walikuwa tayari juu wakijaza mitungi, walikimbia, wakapona. Jua liliendelea kuwaka. Kufikia alasiri mto ulikuwa umeshapungua, na siku ya tatu ukawa mchanga tena, mpya, laini, hauna alama.

Walimpata Kalunde chini sana, penye mizizi ya mkuyu, na aliyempata ni Ndululu, ambaye hakuwa amerudi nyumbani tangu siku ile. Walimzika nyuma ya nyumba. Nthenya alikuja kutoka Kibwezi na watoto, akalia akiwa ameshikilia nguzo za ghala. Kasyoka aliteremka kutoka Mbooni, akakaa kati ya wanawake, mgongo kwa mkwewe, na Muthama alisimama upande wa wanaume akingoja. Alikuwa na hakika atasema. Mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kumsemesha uso kwa uso, leo angegeuka na kusema mbele ya watu wote: ni wewe. Muthama alilitaka neno hilo kama mgonjwa anavyotaka jipu lipasuliwe. Kasyoka hakusema kitu. Alirudi Mbooni siku ya pili na hakuaga.

Na mvua ya kutajika haikunyesha tena. Hapo ndipo moyo wa Muthama ulipovunjika kabisa, maana mpaka hapo alikuwa anaomba kwa siri ubashiri uwe wa uongo. Alitaka mvua ije, mafuriko yaje, redio iaibike, aweze kusema alidanganywa. Haikuja. Mawingu yalipita juu juu, mwezi wa kumi na mbili ukawa mkavu kama mwezi wa nane, na mahindi ya wachache waliopanda mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Waliopanda mtama na kunde walipata kidogo, na hicho kidogo kiliwavusha. Redio ilikuwa imesema kweli. Yeye alikuwa amesema kweli. Ilikuwa kweli yote isipokuwa siku moja.

Basi watu wakaja kumshukuru. Wangefanya nini? Walikuwa watu wema na walikuwa wamekula. Mjane mmoja alimletea kuku. Wazee wa kanisa walimletea mtama kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Mchungaji aliomba juu ya kichwa chake, akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na Muthama alipojaribu kumweleza juu ya lile neno la mwisho la redio, mchungaji alimpapasa bega akamwambia asijitese. Kila mtu alimsamehe kabla hajaomba. Msamaha wa namna hiyo hukwama kooni. Ndululu peke yake hakumshukuru wala kumfariji. Alikuja kila jioni, akakaa, akaondoka, na jina la Bahari hakulitamka tena. Redio Muthama aliitoa betri, akaifunga kwenye gunia, akaitupa juu darini.

Mwezi wa pili, kabla ya watu kuanza kutayarisha mashamba kwa mvua za masika, Kasyoka aliteremka tena kutoka Mbooni.

Muthama alikuwa uani akitengeneza kamba. Alimwona kwa mbali, akaingia ndani upesi kama heshima inavyotaka, akakaa karibu na mlango, mgongo nje. Alimsikia akifika. Alisikia akivuta kigoda, akikaa, mgongo kwa nyumba. Kisha wote wawili walinyamaza kwa muda mrefu sana, kwa sababu Kalunde alikuwa amesema kweli. Walikuwa mabubu.

Alisikia kitu kikiwekwa chini. Alichungulia kidogo. Ni kiondo, kile Kalunde alichokuwa anakisuka, ambacho Nthenya alikuwa amempa bibi yake siku ya mazishi, hakijamalizika, nyuzi bado zimening'inia mdomoni. Kasyoka alikiweka kati ya kigoda chake na mlango.

"Kalunde," mwanamke mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "mwambie Baba Nthenya nimekuja kuuliza redio inasema nini. Mwaka jana sikumsikiliza, na sikuvuna."

Muthama alifumba macho.

"Kalunde, mwambie mwaitu redio niliifunga. Mwambie mimi si mtu wa kuulizwa tena." Halafu likamtoka lile lililokuwa limekaa kifuani tangu siku ile. "Mwambie redio ilisema. Ilisema kunaweza kuwa na mvua kubwa ya siku moja. Watu wa mito waangalie, ilisema hivyo. Nilisikia. Mimi ndiye niliyeondoa mtu wa ukingoni. Wewe uliniuliza, na mimi nikakuambia mto hauji."

Alikuwa ameacha kusema na mama mkwe. Alikuwa anasema na kiondo. Alingoja. Sasa angesikia lile neno, na lingekuwa haki yake, na labda baada yake angeweza kulala.

Uani kuku walikuwa wakichakura. Kasyoka alipozungumza, hakumtaja Baba Nthenya.

"Hayo ni ya mumeo, Kalunde, na nimeyasikia. Sasa sikia ya kwangu. Ile jioni kwetu ilinyesha. Mahindi yalikuwa yamejikunja, nilikuwa nimeomba Mungu wiki nzima. Ilipoanza nikatoa sufuria zote nje, nikatoa na beseni, na vikombe. Nikasimama katikati ya mvua na nguo zangu. Niliimba, Kalunde. Nikamwambia Mungu asante, ongeza. Majirani walinisikia. Nikamwambia ongeza. Na ilikuwa inateremka kwako."

Muthama aligeuka. Alikuwa hajui kwamba amegeuka mpaka alipouona mgongo wa Kasyoka, mdogo, kama wa Kalunde, na shingo iliyoinama, na akajua kwamba mwanamke huyu alitembea kutoka milimani akitafuta kitu kile kile ambacho yeye alikuwa anakingoja humu ndani. Alikuja ili alaumiwe. Walikuwa wamengojana tangu mazishi, kila mmoja akimtaka mwenzake amhukumu, na hakuna kati yao aliyekuwa na jiwe la kurusha.

Alitaka kusema kitu. "Kalunde, mwambie mwaitu," akaanza, na hakukuwa na mwisho wa sentensi hiyo, na Kalunde hakuwapo wa kuimaliza. Akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mama mkwe wake, na huko nje Kasyoka naye akalia, bila kugeuka.

Ilipokwisha, Muthama alisimama akaenda kwenye mtungi. Alijaza kikombe maji ya mgeni, ambayo alipaswa kuyatoa tangu mwanzo. Yalikuwa ya Thwake, kwani huko hakuna mengine. Alitoka akitazama chini, akakiweka kikombe kando ya kiondo, akarudi mlangoni na kugeuza mgongo. Alisema kwamba ataishusha redio, atasikiliza mpaka neno la mwisho, na atatuma habari Mbooni, yote. Alisema pia kwamba umeme ukiwaka, yeye ndiye atakayekaa ukingoni, mwaka huu na miaka yote, na watu wengine wachote.

Kasyoka alikiokota kikombe, na Muthama alimsikia akikaa nacho, hanywi. Alidhani atayamwaga. Hata yeye angeyamwaga.

Kisha akasikia akiyanywa, polepole, mpaka mwisho, kwa sababu ni maji.